Tabibu Levina na Kiti Anachokikataa

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Afisa Tabibu Levina Kashindye anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kuwatibu watu wa mkoa wa Tabora kwa miaka thelathini na saba. Ishirini na miwili kati ya hiyo ametumikia hapa hospitalini kwetu, katika chumba cha pili cha wagonjwa wa nje, kile chenye pazia la kijani lililofuliwa mpaka ukijani ukakata tamaa. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, muuguzi Advera, niandike wasifu wake. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba, maana nimefanya naye kazi muda mrefu na mazuri yake ninayajua. Sikujua kwamba mwenyewe angenipa sharti, tena sharti la kunitoa jasho.

Sharti hilo nitalifikia. Kwanza nimsifu, kabla hajaninyang'anya kalamu.

Levina alizaliwa Ntalikwa, kwa mzee Shigela, mkulima wa mahindi na karanga aliyekuwa pia na mizinga ya nyuki porini. Ni Mkatoliki wa kanisani hasa, wa misa ya kwanza, na ameimba kwaya tangu usichana wake. Waliowahi kusimama karibu naye wakati wa wimbo wa matoleo wanasema Mungu ana subira. Alipomaliza mafunzo mwaka 1988 alipangiwa zahanati moja ng'ambo ya Kaliua, kwenye tawi la reli linaloelekea Mpanda. Alifika huko na godoro, sufuria mbili na baiskeli ya baba yake, na baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa, gari la chanjo na gari la mshahara.

Wazee wa Kaliua bado wanasimulia siku alipovamiwa na nyuki akiwa njiani kupeleka chanjo. Baiskeli aliitupa, kiatu kimoja kikabaki, kitambaa cha kichwa kikaenda na upepo, lakini kisanduku cha chanjo alikikumbatia mpaka kijijini. Alichanja watoto wote huku jicho moja limefumba kwa uvimbe. Kina mama walimwonea huruma wakampa asali, naye akasema hiyo sasa ni dharau.

Baadaye alihamishiwa Igalula. Huko ndiko alikomtoa mama mmoja mjamzito aliyeshindwa kujifungua, akamleta mjini kwa treni ya mizigo ambayo mkuu wa stesheni aliizuia kwa ajili yake. Ndani ya behewa hapakuwa na pa kutundikia chupa ya maji ya mshipani. Levina aliishika kwa mkono, mkono juu, mpaka Tabora mjini, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka na mwalimu hamwoni. Mama alipona na mtoto akapona. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na kila akimkuta Levina sokoni humbebea kikapu bila kuulizwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeandika nilipompelekea aone. Alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliniuliza kwa upole, "Na Mabruki yuko wapi?" Nikamwambia Mabruki hayumo. Akanirudishia karatasi. Akasema kama Mabruki hayumo, basi na yeye hayumo, tufanye sherehe ya mtu mwingine. Akaongeza kwamba hata nikimwandika, kile kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe hatakikalia. Atakaa nyuma kabisa na wageni, ale pilau yake, aende zake nyumbani.

Nilipeleka habari hiyo kwa katibu wa kamati, Bwana Xavery wa maabara. Alishika kichwa. "Dada Advera," alisema, "mambo ya aibu hayaandikwi kwenye karatasi ya sherehe. Watu watakuja na watoto." Namheshimu Bwana Xavery, lakini mficha maradhi kilio humfichua, na sisi watu wa hospitali tukianza kuficha, wagonjwa watajifunza kwa nani? Kwa hiyo ninaandika. Ninaona haya kuandika, na mtakaosoma mtaona haya pamoja nami. Mabruki mwenyewe ameruhusu, kama mtakavyoona mwishoni.

Mabruki ni fundi baiskeli mwenye kibanda cha bati nje ya geti letu. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Mabruki amezaliwa Isevya, hapa hapa mjini, hajawahi kuiona bahari hata siku moja, lakini ukimsikiliza utadhani minazi yote ya pwani aliipanda yeye. Na kwa kuwa yeye ni Mzaramo na Levina ni Mnyamwezi, hao ni watani.

Mimi natoka Kagera, na mambo haya nilijifunza ukubwani. Wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani walipita kwa Wazaramo. Waligombana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakakubaliana kutukanana bila kukasirikiana. Mtani wako anaweza kukuvua kofia, kukusema mbele ya wakwe zako na kucheka kwenye msiba wako. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza niliyomsikia Mabruki akimwita tabibu wetu "mpagazi" nilitaka kumwita mlinzi. Kila asubuhi Levina alipopita na baiskeli, kila mmoja alimdai mwenzake shikamoo, na hakuna aliyewahi kuitoa. Mabruki ni mdogo kwa miaka kadhaa, lakini alisema mwenye nyumba hamwamkii mbeba mzigo aliyelala barazani kwake.

Masika ya mwaka 2021 Mabruki aliingia chumba cha pili akitetemeka. Alikuwa na homa na kikohozi, na upande mmoja wa kifua ulimchoma akivuta pumzi. Levina alimuuliza maswali ya kawaida, likiwamo lile la kwamba umetumia dawa gani kabla ya kuja. Mabruki alinyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha kwenye kunjo la kiwiko, akasema, "Mpagazi, nimedungwa sindano za mshipa uani kwa mtu. Nina mke mpya, nataka nguvu kama za babu yako mbeba pembe."

Levina alicheka mpaka akavua miwani. Kicheko chake kilivuka ukuta kikanifikia chumba cha sindano. Akamjibu kwamba Mzaramo na nguvu ni mbingu na ardhi, nguvu za Mzaramo ziko kwenye kucheza ngoma. Wakacheka wote wawili. Kisha akampima malaria, hana. Akamsikiliza mapafu, akasikia mkwaruzo, akampa dawa za kifua.

Homa ilishuka, ikarudi. Mabruki naye akarudi, na utani wake kamili. Safari ya pili alisema anakufa ili Wanyamwezi wapate wa kumbeba. Safari ya tatu alipigwa picha ya kifua, ikaonyesha madoa huku na huku, tukafikiri kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu. Kila mara alikuja amekonda zaidi na mzaha umenenepa. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na huo usaha ulikuwa unatengenezwa mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Siku moja saa za asubuhi alianguka mbele ya kibanda chake, pampu ikiwa mkononi, watu wanapita kwenda kliniki. Tulimwingiza wodini kwa machela. Mkewe, Maua, alikuja na khanga ameivuta mpaka usoni. Alimwomba Levina watoke koridoni, nami nilikuwa hapo na trei ya dawa. Maua aliongea akiangalia sakafu. Alisema kwa miezi mitatu mumewe alikuwa akienda kwa mtu mmoja, si mganga wala muuguzi, anayedunga watu sindano za mshipani na kuwatundikia maji katika chumba cha uani, sindano ileile inazunguka. Watu wanakwenda kwa sababu ni siri na hawaulizwi. Levina aliuliza kwa nini mambo kama hayo hayakusemwa mapema.

Maua alishangaa. "Daktari, mbona alikuambia? Alirudi nyumbani akasema, Mnyamwezi nimemwambia, akacheka."

Levina alikaa sakafuni. Pale pale koridoni, na koti lake jeupe, wagonjwa wakimruka miguu. Nilimwinamia nimsaidie kusimama, akaniambia nimwache kidogo. Sijamwona tena akikaa hivyo, na sitaki kumwona.

Damu ya Mabruki ilipopimwa ilikutwa na bakteria. Alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, wakamwangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, na wakaona kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumekisoma chuoni tukakisahau. Niwaeleze kama Levina anavyowaeleza watu wa mikutano ya kijiji. Moyo una vali nne, na kazi yake ni kama ile ya vali ya tyubu ya baiskeli: kinachopita kisirudi. Vali moja iko kwenye mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Hiyo ndiyo iliyoota uchafu kwa Mabruki, vinundu vya bakteria vikining'inia na kucheza kila moyo unapopiga. Vipande vilimeguka na kwenda mapafuni. Ndiyo maana kifua kiliuma, ndiyo maana picha ilikuwa na madoa, ndiyo maana sisi tulikimbilia kifua kikuu.

Ugonjwa huu ni adimu sana. Hata miongoni mwa walioambukizwa vali za moyo, ni wachache mno ambao maambukizi yamekaa kwenye hiyo peke yake. Lakini mlango wake unajulikana. Bakteria wakiingia kwenye mshipa wa mkono hufika kwanza upande wa kulia wa moyo, na sindano chafu ya mshipani ni kuwapakia treni. Mirija ya dawa iliyokaa mwilini muda mrefu ni hatari pia, hata ikiwekwa na sisi wenyewe. Jino bovu lililoachwa lioze, kidonda cha ngozi chenye usaha, mimba iliyoharibika na kuingia uchafu, pombe iliyomaliza kinga ya mtu, yote hayo humo. Na aliyezaliwa na kasoro ya moyo yuko karibu zaidi na hatari. Mabruki kumbe alizaliwa na vali nyembamba kuliko kawaida na hakujua. Vali kama hiyo ilikuwa hatarini tayari, sindano ya uani ikamalizia.

Alikaa kwenye dawa za mshipani wiki sita. Alipona, na Mungu ashukuriwe. Ila vali haikurudi kuwa mpya, na pumzi yake imebaki fupi. Anaziba tyubu, ananyoosha rimu, anafunga cheni, lakini kupampu hawezi. Akisukuma mara chache anakaa chini na kushika mbavu. Mteja anajipampia mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza Mabruki aliyorudi kibandani, Levina alishuka kwenye baiskeli yake, akaweka mkoba chini, akachukua pampu, akajaza upepo kwenye baiskeli ya mteja aliyekuwa amesimama. Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Imekuwa miaka minne sasa. Mganga mfawidhi alipokuja mgeni kwetu aliuliza yule fundi mwanamke mwenye koti jeupe ni nani. Na Mabruki, mnafikiri alimwonea huruma? Alikuwa anawatangazia wapita njia, "Tazameni, Mnyamwezi amerudi kwenye kazi ya ukoo!" Watu wanacheka. Levina anapampu.

Alijaribu kumwomba radhi. Alikwenda Isevya na kitenge cha Maua na mfuko wa sukari. Mabruki aliikwapua sukari kama mtani anavyokwapua, akadai na majani ya chai. Alijaribu tena siku ya Idi, akajibiwa kwamba wapagazi wote huomba radhi, ndiyo namna yao ya kuomba wali. Levina aliwahi kuniambia, tukiosha mikono, kwamba angetoa chochote Mabruki amfokee mara moja tu. Lakini mtani hafoki. Nani amsamehe mtu ambaye, kwa mila, hakukosa? Kwa hiyo aibu yake ilikaa naye, na nilikuwa naiona anapovaa koti asubuhi.

Sitaki mdhani alikaa nayo bure. Tangu mwaka ule, mgonjwa yeyote ambaye ni mtani wake haulizwi historia na yeye. Ananiita mimi au Bwana Emilian, tabibu mwenzake, ambao hatuna utani na watu hao, na yeye anasubiri nje ya pazia. Wagonjwa wengine wote anawauliza yale maswali ya aibu huku amegeukia dirishani, akijifanya anapanga vifaa, ili asiwatazame usoni. Umedungwa mahali pengine? Nani alikudunga? Jino? Mimba? Pombe? Ni ajabu watu wanavyosema wakiongea na mgongo. Amepita Igalula, Kaliua na vijiji vya kati na maneno hayo hayo, na kila mara anaanza kwa kusimulia kicheko chake mwenyewe, hadi wasikilizaji wanainamisha vichwa kwa ajili yake. Chumba cha uani kilifungwa na wenye mamlaka. Msichana mmoja wa Kaliua mwenye jino bovu na mvumo moyoni alikamatwa mapema kwa sababu ya swali la dirishani, na leo anasoma. Hayo ni mafanikio, na kamati iliniagiza niandike mafanikio. Mwenyewe alinikataza nisiyaite hivyo.

Hapa ndipo wasifu ungeishia. Lakini habari za mtu haziandikwi bila ruhusa yake, hivyo wiki iliyopita nilikwenda kibandani kumwomba Mabruki. Nilimweleza kila kitu, pamoja na habari ya kiti. Alisema nimwandike vizuri, nisimpunguze urefu. Nikaondoka nikicheka.

Kesho yake mchana alinifuata chumba cha sindano. Alifunga mlango, akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, akavua kofia mwenyewe. Nilingoja mzaha. Haukuja. Alinisogezea kalamu iliyokuwa mezani. Kisha akasema, "Dada Advera, andika. Usitie chumvi, usitoe neno."

Niliandika, na haya ndiyo aliyoyasema:

"Shikamoo, dada Levina. Siku ile nilisema kweli kwa mdomo wa mzaha kwa sababu niliona aibu. Mwanamume mzima, mke mdogo, ningekuambiaje? Nilitaka ujue bila mimi kukuambia. Ukacheka, nikarudi nyumbani na hasira. Nimekukasirikia, dada. Nilikukasirikia wodini, nilikukasirikia kila asubuhi ulipochukua pampu. Na mtani haruhusiwi hasira, nikaificha kwenye mzaha, mle mle nilimoificha ile sindano. Sasa imekwisha. Sijui iliisha lini, niliitafuta jana alipokuja muuguzi, sikuiona. Njoo ukae kwenye kiti chako."

Alivaa kofia yake. Alipofika mlangoni alinigeukia akasema kwamba nisipomwona Levina pale mbele, atakikalia yeye, na Mzaramo akikaa kwenye kiti cha Mnyamwezi hatoki mpaka achinjiwe.

Mama Levina, sisi wa hospitali tunakushukuru kwa miaka yote, kwa mkono uliobaki juu kutoka Igalula mpaka mjini, na kwa maswali uliyoyauliza ukiwa umegeukia dirishani. Tunakuombea uzee wenye afya huko Ntalikwa, karanga zizae, mizinga ya mzee Shigela ijae, na nyuki wakusahau. Pampu tumegawana zamu, usiwe na wasiwasi. Bwana Xavery ndiye wa kwanza, na ameanza kulalamika mgongo.

Kiti kimewekwa mbele, na kitambaa kimefuliwa. Pembeni yake tumemwekea Mabruki. Ile shikamoo umeidai kwa muda wote huu, na sasa imetoka. Njoo uiitikie.